Nimebakiza miezi 14 kustaafu, milioni 48 hizi nizipeleke wapi?

Ndugu mshauri,

Pokea salamu kutoka Moshi. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya serikali, mjane, na mwakani natimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Mkononi nina shilingi milioni 48. Milioni 31 ni akiba yangu ya miaka 19 kwenye SACCOS ya kazini, na 17 ni za kiwanja nilichouza Himo. Zimelala kwenye akaunti ya kawaida benki, na kila ninapochelewa anajitokeza mtu mwingine mwenye mpango nazo.

Nianze na kijana wangu wa kwanza, maana yeye ndiye anayeninyima usingizi. Ana miaka 32, anaendesha Kosta ya mtu kati ya Moshi na Arusha. Hanywi pombe, na tajiri wake hajawahi kumlalamikia. Anataka ninunue Hiace, aendeshe yeye, aniletee hesabu kila jioni. Anasema gari litakuwa limerudisha hela yake ndani ya miaka miwili na nusu. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi matumizi yote: mafuta, matairi, bima, leseni ya LATRA, konda, na zile siku gari linapolala gereji. Karatasi ilirudi ina mafuta na matairi tu.

Mwenzangu wa wodini alistaafu mwaka 2021 akaweka mkupuo wake wote, zile hela za mara moja anazolipwa mstaafu, kwenye gari la abiria, dereva akiwa mdogo wake wa kuzaliwa. Mwaka wa kwanza hesabu ilikuja vizuri. Mwaka wa pili gia boksi ikafa, wakatengeneza, ikafuata injini. Leo gari limepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake kule Pasua, na ndugu hao hawasalimiani. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Nikimtazama yule dada namwona kijana wangu na mimi, ndiyo maana nasita, ingawa najua mwanangu ni mchapakazi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anasema nijenge. Nina kiwanja Longuo, si mbali na Chuo Kikuu cha Mwenge, na wanafunzi wanatafuta vyumba kila mwaka. Fundi amenikadiria milioni 44 kwa vyumba sita vyenye choo ndani, hadi kupaka rangi. Nikipangisha kwa 70,000 kila kimoja napata 420,000 kwa mwezi, ila likizo ndefu vyumba vinabaki vitupu, kwa hiyo nahesabu miezi 10: shilingi 4,200,000 kwa mwaka. Hapo sijatoa koki zinazovuja, umeme, na mpangaji anayeondoka usiku na deni. Na wote tuliowahi kujenga tunajua makadirio ya fundi huishia wapi.

Njia ya tatu nimeelezwa na mpwa wangu anayefanya kazi benki: hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa miaka fulani inakulipa riba. Unanunua kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki yako, kuanzia milioni moja, za miaka 2 hadi 25, na riba inaingia kila miezi sita. Tukachukua asilimia 12 kwa mfano. Milioni zile zile 44 zinatoa 5,280,000 kwa mwaka, kuliko vyumba vyangu sita, wala sikimbizani na mpangaji. Nilifurahi sana siku ile. Usiku nikafikiri tena. Kodi ya chumba nitaipandisha mambo yakipanda bei, riba ya hatifungani itabaki ile ile. Baada ya miaka 15 nitarudishiwa milioni 44 kamili, lakini zitanunua mifuko mingapi ya saruji? Ya miaka 25 ndiyo siigusi. Ikiiva nitakuwa na miaka 84. Mpwa anasema naweza kuiuza katikati kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila bei siku hiyo inaweza kuwa chini ya niliyonunulia.

Kuna na mkupuo wangu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambao unaongeza utata badala ya kuupunguza. Sehemu ya mafao tunayolipwa kwa mkupuo ilishushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022, ikapandishwa hadi 40 mwaka 2024, na pensheni ya kila mwezi naikadiria kama nusu ya ninachopokea sasa. Kitinda mimba amebakiza miaka miwili chuoni. Mama yangu yuko Uru, ana miaka 86 na dawa za presha za kila mwezi. Sina nafasi ya kukosea mara mbili.

Ninachoegemea ni hiki. Milioni 30 kwenye hatifungani ya miaka 10 sasa hivi, ili mshahara ukikoma riba iwe imeshaanza kuingia. Milioni 12 ninunue vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa ajili ya ugonjwa na ada, maana huko naweza kutoa nikihitaji. Longuo nisubiri mkupuo, nianze na vyumba vitatu. Sita zilizobaki nimpe kijana kama mchango wangu kwenye gari lake mwenyewe, kwa maandishi, nisimdai hesabu.

Je, ni busara kuanza na hatifungani na kuchelewesha ujenzi, wakati vifaa vinazidi kupanda bei? Miaka 10 ni mingi kwa mtu wa umri wangu, au ningegawa, nusu ya miaka 5 na nusu ya 10? Nikifariki kabla hatifungani haijaiva, watoto wataipataje? Na hizo milioni sita za kijana ni msaada, au namwachia mzigo wa gari asiloweza kulimaliza?

Anakuja Jumapili baada ya misa kuchukua jibu. Wiki mbili zilizopita nilimwambia bado naomba ushauri, akanyamaza, akaenda kunifungia geti bila kuaga. Nisaidie namna ya kumwambia pia.

Wako,
Muuguzi, Moshi