Mkrismasi hauangushwi na upepo peke yake

Mhariri,

Mvua za kwanza zikija na upepo wake, mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, ukilala chini hapa Tabora, lawama ni zile zile: mti huu ni dhaifu, haufai mjini. Sisi tunaootesha miche tunaomba nafasi tuutetee, maana mara nyingi kosa lililouangusha lilifanyika ukiwa bado na kimo cha kalamu.

Chukua mche uliosahaulika miezi minane kwenye kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea. Chana nailoni, pukuta udongo, utauona mzizi mkuu umefika chini, umekosa njia na kujizungusha kama kata ya kubebea ndoo. Ukipandwa hivyo utaota, hata maua utatoa, ila ile kata haikunjuki. Inanenepa tu. Juu mti unatandaza mwavuli mpana kuliko kimo chake, chini umesimama juu ya fundo. Kwa hiyo unaponunua mche, usivutiwe na mrefu. Chagua wa sentimita 40 au 50, na siku ya kupanda kata kitako cha kiriba kwa wembe, kiasi cha vidole viwili, ili mzizi uliojikunja uondoke. Utanyauka siku mbili tatu, kisha utainuka.

Anayetaka kuotesha mwenyewe kwa ajili ya mvua zijazo aanze sasa, Septemba, maganda makavu ya mbegu yangali yananing'inia mtini. Mbegu yake ni ngumu kama kokoto, na ukiizika bila kuiandaa inaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Isugue ubavuni kwenye saruji mpaka rangi ya ndani ionekane, ukikwepa ncha yenye kitovu, yaani pale iliposhikana na ganda lake, kisha iloweke usiku kucha. Zikiwa nyingi, chemsha maji, yaepue, ndipo uzitumbukize na kuziacha saa 24. Wanaozichemsha jikoni kama maharage wasishangae zisipoota. Zilizovimba zipandwe, ambazo hazijavimba zirudiwe. Kina ni sentimita 2, na kwa kawaida huchomoza ndani ya wiki mbili. Mwagilia asubuhi tu, kwa sababu udongo ukilala umelowa chapachapa, miche huoza shingo. Kila baada ya wiki tatu inua viriba na kukata mizizi iliyotoboa chini.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, na samadi debe moja, iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi, na makapi yake huita mchwa, na mchwa wa Tabora hawahitaji kuitwa mara mbili. Matandazo ya nyasi yakae shubiri moja mbali na shina. Panda mvua zikishakolea, unyevu ukiwa umeshuka chini. Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua, basi upe ndoo mbili za maji kwa wiki mpaka mvua zirudi.

Tumezoea miembe, ambayo watu huipanda hata dirishani. Mkrismasi una mizizi mipana inayotambaa karibu na uso wa ardhi, nayo huinua sakafu na kupasua ukuta. Uwe mita 10 kutoka kwenye nyumba, bomba na shimo la choo. Chini ya nyaya za umeme usipandwe kabisa.

Halafu kuna panga. Mti huu asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, hivyo kupukutisha majani kiangazi ndiyo tabia yake. Mtu anauona mtupu mwezi wa nane, anasema umekufa, anaukata kichwa. Kinachofuata ni machipukizi kumi yaliyoshikilia gandani tu, ambayo yakishakuwa mazito ndiyo yanayodondokea magari. Kupogolea kwa kweli hufanyika miaka mitatu minne ya mwanzo: acha shina moja, na ondoa kidogo kidogo matawi ya chini mpaka mita 2.5. Panda ya matawi mawili iliyo nyembamba, yenye umbo la V, ambayo ganda limebanwa katikati, ni ufa unaosubiri siku yake, basi toa tawi moja mapema.

Maua yasipotoka, tazama kwanza kivuli. Mti huu unataka jua la siku nzima, na mbolea nyingi huuzidishia majani. Uliotokana na mbegu huchukua miaka mitano, mingine hata kumi.

Kwa ile iliyokwisha kukatwa vichwa, msiing'oe. Kila kisiki kiachiwe machipukizi mawili yenye nguvu na yaliyoachana, mengine yaondolewe kwa msumeno, ukianzia chini ya tawi ili ganda lisichanike. Rudieni mwaka unaofuata, kwa sababu yatachipua tena.

Waotesha miche,
Isevya, Tabora