Barua kwa Zuwena kuhusu kumtoa Nassor skuli

Wete, Pemba

Mpenzi shoga yangu Zuwena,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipokea, na nimeona nikujibu kwa kalamu kwa sababu jambo unaloniuliza halimaliziki kwa simu. Unataka kumtoa mwanao Nassor skuli likizo hii ikimalizika na kumsomesha mwenyewe nyumbani, na unaitaka rai yangu kwa kuwa nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi. Rai yangu ni kwamba usimtoe. Lakini usije ukadhani kwamba nimeungana na mavyaa wako, maana yeye, kama ulivyoniandikia, anachoogopa ni maneno ya watu, na mimi maneno ya watu hayanishughulishi.

Nakubaliana nawe kwamba katika darasa lililojaa namna ile uliyonieleza, watoto wakibanana kwenye madeski na wengine wakikaa chini, hakuna mwalimu anayeweza kumsikiliza kila mmoja akisoma, hata awe hodari vipi. Nimesimama mbele ya darasa kama hilo. Unauliza swali, darasa zima linakujibu kwa sauti moja, na ndani ya sauti ile huwezi kumtenga anayejua na anayefuatisha mdomo wa mwenzake.

Alipokuja kwetu wakati wa karafuu nilimpa kitabu cha darasa la pili anisomee barazani, huku mimi nikichambua makonyo. Alisoma ukurasa mzima bila ya kusita, nami nikafurahi, mpaka nilipokitazama kidole chake: mdomo ulikwishafika mwisho wa hadithi na kidole kilikuwa bado mstari wa tatu. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno "kisima" peke yake, akaniambia "maji". Mtoto huyu, Zuwena, kitabu kile hakukisoma, alikihifadhi kwa kuwasikia wenzake, na anayeweza kufanya hivyo ana kichwa chepesi sana. Jioni ya siku ile ile nilimkuta akidurusu juzuu yake ya chuo cha Kurani. Nikamwekea kidole mahali ambapo hakupatarajia, ili nione kama huku nako anahifadhi, naye akaitamka herufi na irabu yake, akaunganisha na ya pili, akaendelea mpaka mwisho wa aya.

Ni mtoto yule yule na macho yale yale, na anayoyaweza chuoni hayawezi skuli. Sababu naiona katika namna wanavyosomeshwa huko chuoni. Kila mtoto ana mahali pake alipofika, anakwenda mbele ya maalimu na juzuu yake, anasikilizwa peke yake, akikosea anarejeshwa, na havuki mpaka asome sawasawa, hata kama mwenziwe waliyeanza naye amekwishamwacha mbali. Hayo ndiyo unayowasifia wale wazazi wa Marekani wanaosomesha watoto wao nyumbani, uliosoma habari zao, nayo yanafanyika hapo mtaani kwenu Mwanakwerekwe kila siku bila ya mtu kuyasifia.

Kwa hiyo mfanyie wewe katika Kiswahili yale anayofanyiwa na maalimu katika juzuu. Skuli yake ina mikondo miwili na yeye anaingia mchana, asubuhi yake yote ni tupu, na kwa maneno yako mwenyewe anaimaliza mbele ya televisheni. Nusu saa baada ya chai inatosha. Anza na silabi, ba be bi bo bu, kwa utaratibu ule ule wa "be fataha ba, be kasira bi, be dhuma bu" ambao anao tayari, kisha maneno mafupi, kisha hadithi ambayo hajapata kuisikia, kwa sababu aliyokwishaisikia atakudanganya nayo kama alivyotaka kunidanganya mimi. Picha zifunike. Akikwama, usimmalizie neno; huo ndio udhaifu wetu akina mama. Hisabati usiihangaikie kwa sasa. Huku alinisaidia kupima karafuu, akaona kwamba kilo tatu mbichi zikikauka inabaki kama kilo moja tu, akashinda akiniuliza nyingine zimekwenda wapi. Mtoto anayeuliza hivyo hesabu atazipata.

Sasa nije kwenye sheria, ambayo naona umeipita juu juu. Huko Marekani majimbo yote yanamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe nyumbani, ingawa masharti yanatofautiana, na Ujerumani inakataza kabisa isipokuwa kwa sababu chache mno. Kwetu Zanzibar elimu ya msingi ni ya lazima tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1982, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 nayo imeitaja elimu kuwa ni haki ya mtoto. Akipotea kwenye daftari la mahudhurio, mwalimu mkuu atauliza na sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, atabisha hodi. Na hata wakikuachia, mitihani yote imejengwa juu ya skuli: darasa la sita, kidato cha pili, kisha kidato cha nne cha Baraza la Mitihani la Tanzania. Aliyesoma nje ya mfumo huo hana budi kupita kwanza Mtihani wa Maarifa ndipo asajiliwe kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ipo na watu wazima wengi wameinuka kwayo, lakini sioni kwa nini tumpitishe humo mtoto wa darasa la tatu mwenye nafasi yake skuli.

Hoja yako yenye nguvu kuliko zote ni ile ya Kiingereza. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na nimewaona watoto waliokuwa mbele katika hesabu wakinyamaza ghafla walipofika hapo. Una haki ya kuogopa. Hata hivyo, asiyeweza kusoma "kisima" hatasaidiwa na kitabu cha Kiingereza ulichomwagizia, na kabla ya darasa la tano bado ipo nafasi ya kulitengeneza la Kiswahili kwanza.

Tena kuna wewe mwenyewe. Baba yake yuko Muscat, cherehani ndiyo inayoiweka nyumba, na Ramadhani ikikaribia hulali kwa nguo za Idi za watu. Ukiwa ndiye mwalimu wake pekee, miezi hiyo Nassor hatasoma kwa mtu yeyote.

Ungeniambia kwamba anapigwa bakora mpaka anatetemeka kila ikifika saa ya kuvaa sare, au kwamba ana maradhi yasiyomruhusu kukaa darasani, ningekuandikia barua nyingine kabisa, na sheha tungemkabili pamoja. Hukuniambia hivyo, na yeye mwenyewe alipokuwa hapa hadithi zake zote zilikuwa za wenzake wa skuli.

Nenda ukaonane na mwalimu wake, kwa upole, usiende kushitaki. Mwambie uliyoyaona kitabuni na umwombe amkalishe mbele. Halafu mpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja akapimwe macho, kwani mara mbili tatu nilimwona akikisogeza kitabu karibu sana na uso, na juzuu yake maandishi ni makubwa. Huenda si kitu, lakini tujue.

Nijibu kwa mkono wa yeyote anayekuja na boti. Nassor naye aniandikie mistari miwili, asitajiwe maneno wala asisahihishwe, na unitumie hivyo hivyo ilivyo.

Wasalaam,
Shoga yako,
Maryam