Yah: Malalamiko kuhusu intaneti "isiyo na kikomo" inayobana video na kifurushi kinachochagua tovuti

Duka la Steshenari na Huduma za Mtandaoni,
Morogoro.
18 Agosti 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya ruta, kifurushi cha mwezi mnachokiita cha bila kikomo. Kwa ruta hiyo naendesha duka la steshenari hapa Morogoro mjini. Natoa kopi, naskani, naprinti, na kwa msimu huu kazi kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya vyuo na ya mikopo. Nimeshapiga simu kulalamika, nikaambiwa nizime ruta kisha niwashe. Nimezima, nimewasha. Sasa naandika.

Nianze na video. Chumba cha nyuma nimeweka kompyuta yenye kamera kwa ajili ya watu wanaoitwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya mtandao, maana si kila mtu ana chumba kimya nyumbani. Wiki iliyopita kijana wa watu alikuja na tai yake na shati limenyooshwa. Wasailiwa ni wengi, nafasi moja. Akiwa katikati ya jibu, picha ikaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akatolewa, akarudi, ikaganda tena. Wakati huohuo mbele kwenye kaunta, kwa ruta hiyohiyo, programu yenu ya televisheni ilikuwa inaonyesha mpira safi kabisa, hata majani ya uwanja unayahesabu. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi zake alishangilia bao. Kijana alitoka chumbani akanikuta nimesimama katikati sina la kumwambia.

Mtaalamu wenu niliyeongea naye alisema nipime kasi. Nikapima kwa tovuti ya kupimia, mshale ukapanda bila wasiwasi. Akafurahi: "Unaona mzee, mtandao uko vizuri." Uko vizuri kwa tovuti ya kupimia, ndiyo. Ndipo kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), anayesoma mambo ya kompyuta, aliponiwekea kwenye simu programu inayoitwa Wehe. Imetengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani; mamlaka ya mawasiliano ya Ufaransa, Arcep, nayo iliwapa wananchi wake waitumie. Kazi yake ni rahisi kuielezea. Inapitisha mawasiliano yaleyale mara mbili: mara ya kwanza yakiwa na alama zinazoonyesha ni ya huduma fulani ya video, mara ya pili alama zikiwa zimevurugwa ili mtandao usitambue ni ya nani. Kama mtandao hauna upendeleo, kasi zote mbili zinalingana. Kwangu hazikulingana. Penye alama, kasi iligota kwenye megabiti 1.5 kwa sekunde kama vile imewekewa dari. Alama zilipovurugwa, ikapanda hadi 11. Ruta ileile, meza ileile, dakika zilezile. Picha za skrini nimeambatisha.

Kwa hiyo tusizungumzie tena minara, mvua wala kuzima na kuwasha. Mahali fulani kwenye mitambo yenu kuna kifaa kinachotazama vipande vya data vinavyopita, kinasoma vinakwenda kwa nani, kisha kinaamua huyu apite na huyu abanwe. Kifaa hicho hakijiwashi chenyewe. Kuna mtu alikaa akaandika amri, na amri hiyo haikuigusa televisheni yenu.

Mtaniambia ni msongamano, kwamba video inakula mtandao na lazima wengine nao wapate. Msongamano naujua. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, nchi nzima tulikaa tunatazamana, na sikuwaandikia barua, kwa sababu ile ilikuwa ajali na ilitupata wote. Hili langu linatokea hata saa kumi na moja alfajiri, mji mzima umelala. Na kama ingekuwa ni kugawana kidogo kilichopo, mpira wenu nao ungeganda.

Mambo haya hayajaanzia kwenu, na nimeona niwakumbushe yalivyokwisha kwa wenzenu. Mwaka 2007 Marekani, fundi wa mitandao aitwaye Robb Topolski alikuwa anapenda nyimbo za kale za waimbaji wanne wanaoimba bila ala. Akitaka kuwagawia wenzake kwa njia ya BitTorrent, ambayo kompyuta za watu hutumiana mafaili moja kwa moja, haziendi. Akachunguza, akagundua kwamba kampuni yake ya intaneti, Comcast, ilikuwa inakatiza mawasiliano hayo kwa ujumbe wa kughushi: kompyuta mbili zinaongea, kampuni inajipenyeza katikati na kuiambia kila moja kwamba mwenzake amekata simu. Kampuni ikasema haizuii kitu. Shirika la habari la AP likajaribu lenyewe, na faili walilochagua kulipitisha ni Biblia, ile tafsiri ya Mfalme James. Nayo ikazuiwa. Agosti 2008 tume yao ya mawasiliano, FCC (msiichanganye na Tume yetu ya Ushindani, ambayo nayo hufupishwa hivyohivyo), ikaamuru mchezo huo ukome. Kampuni ilikwenda mahakamani na mwaka 2010 ikashinda, kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka hayo. Ushindi huo haukubadilisha kilichotokea kwa Biblia ya watu.

Mwanasheria wenu akisoma hapa atafurahi, atasema hata Marekani wenyewe hawajaelewana. Ni kweli, wamekuwa wakipanda na kushuka tangu Profesa Tim Wu alipoipa hoja hii ya mtandao usio na upendeleo jina la "net neutrality" mwaka 2003. FCC ilipitisha kanuni kali mwaka 2015, ikazifuta Desemba 2017, ikazirudisha Aprili 2024, na tarehe 2 Januari mwaka huu mahakama ya rufaa ya huko ikazitupa. Lakini ugomvi uliofika mahakamani ni wa nani ana mamlaka ya kuwakataza, tume au Bunge lao. California haikusubiri, ilitunga sheria yake mwaka 2018. Na mwaka huohuo, moto mkubwa wa msituni ukiwaka huko California, zimamoto wa kaunti ya Santa Clara walibanwa kasi kwenye laini waliyoamini ni ya bila kikomo. Mkuu wao alieleza kwa kiapo kwamba ilishuka hadi moja ya mia mbili ya kasi ya kawaida, na walipolalamika wakaambiwa wanunue kifurushi kikubwa zaidi. Kampuni yao ya simu ilikiri baadaye kwamba ilikosea kwenye huduma kwa mteja. Neno "bila kikomo" lilikuwa kwenye mkataba wao pia.

Sasa lalamiko la pili, ambalo linaniuma zaidi kwa sababu halinihusu mimi pekee.

Mnauza kifurushi cha mitandao ya kijamii kwa wanafunzi. Ni cha bei nafuu na wanakipenda. Binti mmoja alifika dukani na simu yake, kwenye kundi lao la WhatsApp mwenzao ametuma kiungo cha kuombea mkopo Bodi ya Mikopo, HESLB. Anabonyeza, kiduara kinazunguka, kisha unakuja ujumbe wenu kwamba hana salio la kutosha, ajiunge na kifurushi. Anashangaa: bando analo, amejiunga asubuhi. Akajaribu tovuti ya RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, maana maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Vilevile. Yeye alikuwa na hakika kwamba tovuti za serikali ndizo zimeanguka, na alikuwa ameshawaambia wenzake kwenye kundi hilohilo kwamba mfumo uko chini, wasubiri. Nikamwonyesha kwa intaneti yangu: zote mbili zinafunguka vizuri.

Angalieni kilichofanyika hapo. Video za vichekesho anazitazama mchana kutwa. Tangazo la mkopo analiona, anaweza hata kulisambaza. Anachoshindwa ni kufungua ukurasa wenyewe na kujaza. Na ujumbe wenu hausemi "kifurushi hiki hakifunguki hapo". Unasema hana salio. Binti wa watu anaondoka anaamini kosa ni lake au la serikali, na nyie mmekaa pembeni.

Nikinunua umeme wa LUKU, hakuna anayeniuliza kama uniti zitapiga pasi au zitagandisha barafu. Kwa nini MB ziwe na masharti ya ziende kwa nani?

Hili nalo lina historia. Mwaka 2014 Facebook ilileta huduma yake ya tovuti chache za bure, ile iliyokuja kuitwa Free Basics, ikaanzia Zambia na haikuchukua muda ikafika Tanzania na Kenya. Huku tulipokea tu. Ilipofika India, watu zaidi ya milioni moja walimwandikia msimamizi wao wa mawasiliano, TRAI, na tarehe 8 Februari 2016 akapiga marufuku bei zinazotofautiana kulingana na tovuti unayofungua. Facebook ikaiondoa India. Ulaya nako, Septemba 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Hungary inayofanana na ya binti huyu kama pacha: data ya kifurushi ikiisha, programu zilizoteuliwa na kampuni zinaendelea kama kawaida, nyingine zote zinabanwa au zinafungwa. Mahakama ikasema hairuhusiwi.

Wapo watakaonijibu kwamba nawatakia maskini mabaya, kwamba nusu ya intaneti ni bora kuliko kukosa. Binti mwenyewe aliniambia, "Mzee usiwakasirishe, wasije wakakifuta." Sitaki kifutwe. Nataka bei hiyohiyo inunue MB chache kama ni lazima, lakini ziende popote anapotaka mwenyewe. Mkiweza kumpa Instagram kwa bei ile, MB hazijui tofauti kati ya picha ya Instagram na fomu ya HESLB. Tena fomu ni nyepesi kuliko video moja ya dakika mbili.

Nawafahamu mtasema mteja asiyeridhika ahamie kwingine. Ruta niliyonunua kwenu kwa pesa yangu imefungwa, haipokei laini ya kampuni nyingine. Kuhama maana yake ninunue ruta mpya na kulipia upya, kisha nikute huko nako wana kifurushi cha aina hiyohiyo kwa jina jingine. Aprili 2021 vifurushi vilipopandishwa bei, nchi nzima ilipiga kelele na serikali ikasitisha bei mpya. Kelele zile zilikuwa za shilingi. Kuhusu kifurushi kinafungua nini na kinafunga nini, hakuna aliyepiga kelele, na nadhani ndiyo maana mmestarehe.

Ninachoomba ni hiki. Mnijibu kwa maandishi kama kuna ukomo wa kasi uliowekwa kwa video kwenye kifurushi changu, ni kwa huduma zipi, tangu lini, na kwa nini programu yenu imeachwa nje. Msinijibu kwa "mpendwa mteja, tunaboresha huduma". Ukomo huo uondolewe, au mnirudishie tofauti ya malipo ya miezi yote uliyokuwepo, kwa kuwa nililipia kitu kingine. Ruta yangu ifunguliwe ipokee laini yoyote. Kuhusu kifurushi cha wanafunzi, ujumbe wa "huna salio" ubadilishwe leo, si kesho, useme ukweli kwamba tovuti hiyo haimo kwenye kifurushi. Hiyo haihitaji mnara mpya wala mkonga, ni sentensi moja. Na kabla ya msimu ujao wa maombi ya vyuo, kifurushi hicho kifungue tovuti zote au mwache kukitangaza kwa neno "intaneti", maana mabango yenu ya Msamvu yameandika hivyo kwa herufi kubwa na masharti yake hayaonekani hata ukisogea karibu.

Naomba majibu ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata nitalipeleka lalamiko hili kwa mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA, pamoja na picha za skrini, matokeo ya Wehe na stakabadhi za malipo. Nitaambatisha pia maelezo ya binti huyo, amekubali. Yule kijana wa usaili sijamwomba. Kazi hakuipata, na sikuona sababu ya kumrudisha kwenye jambo hilo.

Wenu katika biashara,

(saini)
Mwenye duka la steshenari, Morogoro

Viambatisho: picha za skrini za vipimo vya kasi, picha ya ujumbe wa "huna salio", stakabadhi za malipo ya kifurushi cha ruta.

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC).