Setilaiti ya mbao si mzaha

Mhariri,

Kuna msomaji aliyewacheka Wajapani katika ukurasa huu kwa kurusha mbao angani, kisha akakibeza na kile kisanduku cha Chuo Kikuu cha Nairobi, setilaiti ndogo ya 2018, kuwa kitu cha kuchezea watoto. Mimi ni seremala hapa Lamu. Naomba nafasi nimjibu, nikianza na mbao maana ndizo nizijuazo.

Setilaiti hiyo ya mbao, LignoSat, iliundwa na Chuo Kikuu cha Kyoto pamoja na kampuni ya Sumitomo Forestry. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wa mti uitwao honoki, ambao Wajapani tangu zamani huchongea ala za panga zao. Mbao zake hazikupigwa parafujo wala gundi, zimechongwa zikaingiana. Kwa ukubwa ule, ukizidisha patasi kidogo tu ubao umekwisha, anza upya. Ndani bado mna alumini na mitambo ya umeme, na wenyewe hawakuficha hilo.

Wala hawakukurupuka. Kwanza vipande vya miti ya aina tatu viliwekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa miezi kama 10, vikarudishwa, vikapimwa. Havikupasuka, havikupinda. Kule hakuna unyevu, hakuna mchwa, yaani hakuna adui hata mmoja anayenipa kazi mimi hapa mjini! Lililobaki ni joto: kila dakika 45 hivi setilaiti hutoka kwenye jua kali la nyuzi 100 na kuingia gizani, nyuzi 100 chini ya sifuri.

Na kwa nini mbao? Setilaiti ya alumini ikianguka na kuungua huacha vumbi la madini huko juu hewani, na setilaiti sasa ni maelfu. Mbao huteketea.

Kweli, ilipoachiliwa Desemba 2024, LignoSat haikuitika redio. Msomaji wetu amelishikilia hilo kama ushahidi. Lakini kilichopotea ni kisanduku cha kilo moja hivi. Angetaka wajaribu kwanza kwenye chombo cha tani tano?

Mwanaanga Takao Doi, aliyeusukuma mradi huo, alikuwemo katika safari ya 2008 iliyopeleka sehemu ya kwanza ya Kibo, maabara ya Wajapani, kwenye kituo hicho cha anga za juu. LignoSat iliachiliwa kutoka Kibo. Na ni kutoka Kibo hiyohiyo, tarehe 11 Mei 2018, kilipotoka kisanduku chetu, 1KUNS-PF, nacho cha sentimita 10, kikiwa na kamera za majaribio. Wanafunzi na walimu wa Nairobi walijifunza kukiunda na kuongea nacho hadi kilipoungua 2020. Basi nani alikuwa akicheza?

Ombi langu ni kwa vyuo vyetu. Mkipanga kisanduku kingine cha majaribio, tengeni upande mmoja wa mbao za huku: mvule, au mkoko ambao mabaharia wetu wanauamini. Sijui kama utashinda honoki, na hilo ndilo la kupimwa. Nileteeni vipimo kwa milimita na mniambie ubao uwe mkavu kiasi gani. Randa ninayo.

Fundi seremala,
Lamu