Barua ya wazi kwa wifi yangu: usimnyang'anye binti riwaya

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa kipaimara cha binti. Nakuandikia hadharani kwa sababu lile ulilolisema siku ile mezani nimelisikia kwa kina mama wengi, wa parokiani kwenu na wa usharikani kwetu. Ulisema umemkuta usiku wa manane akisoma hadithi ya mapenzi kwenye simu, simu ukaichukua, na kwamba kwako riwaya na imani havikai nyumba moja. Pale sikujibu, wageni walikuwa wanakula. Najibu leo kwa kirefu, na usinione naingilia malezi yako. Mimi ni shangazi yake. Kwetu mambo ya mapenzi na ndoa binti huyasikia kwa shangazi kabla hajayasikia kwa mtu mwingine.

Hadithi yenyewe niliiona, maana alinionyesha. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Kijana tajiri anamdhalilisha msichana sura nzima, sura inayofuata anamnunulia gari, machozi yanakauka, wanaoana. Wewe kilichokuchoma ni mabusu. Mimi kilichonichoma ni uongo: binti wa kidato cha pili anafundishwa kwamba mwanaume anayekuumiza ndiye anayekupenda, na kwamba zawadi hufuta kipigo. Mabusu ungeyafuta yote na hadithi ile ingebaki na sumu yake. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba aiache. Tunapoachana ni kwenye swali la asome nini badala yake, kwa sababu jibu lako lilikuwa "Biblia inamtosha," na hiyo Biblia yenyewe, wifi, imejaa hadithi za mapenzi, za mauaji na za watu waliosakwa usiku kucha.

Fikiria Nathani alipotumwa kwa Daudi. Mfalme amemchukua mke wa mtu na amepanga mumewe auawe vitani. Nabii hakuanza na amri za Mungu, ambazo Daudi alizijua. Alimsimulia habari ya maskini na kondoo wake mmoja, mfalme akaingia ndani ya hadithi mpaka akapandwa na hasira na kutoa hukumu, ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kuna mioyo ambayo haifunguki kwa njia nyingine.

Tena ninyi Wakatoliki mmebarikiwa kuliko sisi katika hili. Fungua Biblia yako kitabu cha Danieli sura ya 13, ambayo katika Biblia yetu ya Kilutheri haimo. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamtamani Suzana bustanini. Anawakatalia, wao wanamsingizia kwamba walimkuta na kijana, na mkutano unamhukumu kifo. Danieli anasimama na kufanya kile ambacho kila askari mpelelezi hufundishwa: anawatenganisha mashahidi. Kila mmoja anaulizwa peke yake, uliwaona chini ya mti gani? Huyu anataja mti huu, yule anataja mwingine. Kesi imekwisha. Endelea sura ya 14. Makuhani wa Beli wanadai sanamu yao inakula vyakula inavyopelekewa kila siku. Danieli ananyunyiza majivu sakafuni usiku, mlango unatiwa muhuri, na asubuhi anamwonyesha mfalme nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani 70 na familia zao walikuwa wakiingia kwa mlango wa siri chini ya meza na kula wao. Mwingereza Dorothy L. Sayers, binti wa mchungaji wa Kianglikana na mtunzi wa riwaya za upelelezi, alipokusanya hadithi bora za aina hiyo mwaka 1928, alizitia ndani hizi mbili. Hakuwa anatania. Ndiko ukoo wa hadithi hizi unakoanzia.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza ninachokupendekezea kina padre ndani yake. Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alianza kuchapisha hadithi za Padre Brown, padre mpelelezi, mwaka 1910, na kitabu cha kwanza, The Innocence of Father Brown, kikatoka mwaka 1911, miaka kumi na moja kabla yeye mwenyewe hajapokelewa katika Kanisa Katoliki. Wazo alilipata kwa rafiki yake wa kweli, Padre John O'Connor. Siku moja walikuwa wakitembea wakizungumza, Chesterton akashtuka kugundua kwamba padre huyu mpole anayajua maovu ya watu kuliko yeye. Baadaye nyumbani walimofikia, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakamsifu padre, kisha wakasema lakini mapadre wanaishi wamefungiwa, hawajui ubaya wa dunia. Chesterton alijizuia kucheka kwa nguvu. Pale pale akaanza kufikiria mpelelezi ambaye kila mtu anamwona mjinga, kumbe amekaa miaka kwenye kiti cha kitubio akisikia kila kitu.

Hadithi ya kwanza inaitwa The Blue Cross. Padre mfupi, uso wa duara, mwavuli unaomwanguka kila mara, anasafiri kwenda London na msalaba wa fedha wenye vito vya buluu. Pembeni yake anatembea padre mwingine, mrefu, ambaye ni mwizi maarufu Flambeau aliyejivika kanzu. Na kote wanakopita kunaachwa mambo ya ajabu: mgahawani chumvi imetiwa kwenye chombo cha sukari, supu imerushwa ukutani, kwenye genge la matunda kibao cha machungwa kimewekwa kwenye karanga. Polisi wanafuata alama hizo wakidhani kuna kichaa mjini. Padre ndiye aliyezifanya, kwa makusudi, ili wafuatwe. Ile chumvi ilikuwa na kazi yake: mtu akipewa kahawa ya chumvi hulalamika, na asiyelalamika ana sababu ya kutotaka kutazamwa. Mwisho, kwenye giza la Hampstead Heath, uwanda wa wazi huko London, Flambeau anataka kujua alitambuliwaje kuwa si padre. Anajibiwa kwamba alikuwa ameishambulia akili katika mazungumzo yao, na hiyo ni teolojia mbaya. Nikifika hapo huwa nasimama. Binti yetu anaishi katikati ya watu wanaomwambia kwamba imani maana yake ni kuacha kufikiri, wengine wakiwa wameshika maikrofoni. Hapa anakutana na padre anayesema kinyume chake, katikati ya hadithi ya wizi.

Na Flambeau haishii jela. Katika The Flying Stars amepanda juu ya mti bustanini na almasi za kuiba mfukoni, Padre Brown amesimama chini anamsihi, anamweleza njia ya mwizi inavyoteremka hatua kwa hatua, na jinsi kijana asiye na hatia atakavyobeba lawama yake. Almasi zinaanguka kwenye majani. Baada ya hapo Flambeau anageuka na kuwa rafiki wa padre, naye anakuwa mpelelezi. Ni toba iliyoonyeshwa kwa kitendo, na inamgusa msomaji kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia juu ya toba.

Kiingereza chake ni cha zamani kidogo, atahitaji kamusi, lakini shuleni masomo yake karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo hilo nalo ni faida. Chesterton alifariki mwaka 1936 na haki za kitabu hicho zimeshaisha muda, kinapakuliwa bure kihalali, hata kwenye simu ile uliyoichukua. Akitaka ladha ya nyumbani baada ya hapo, mpe mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960. Si riwaya ya Kikristo, lakini Bwana Msa naye hakubali kwamba mzimu ndio ulioua. Anatafuta mkono wa binadamu.

Sasa mapenzi, maana najua ndiko roho yako iliko. Anza na Janette Oke, mama wa Kanada. Love Comes Softly kilitoka mwaka 1979 na ndicho kilichofungua njia kwa riwaya nyingi za mapenzi za Kikristo zilizofuata huko Amerika. Marty ni binti mdogo, mjamzito, wako safarini kuelekea magharibi, mumewe anakufa ghafla kwa ajali. Siku ile ile ya mazishi anatokea mjane Clark mwenye mtoto mdogo wa kike anayehitaji mama, anamwomba waoane kwa ajili ya mtoto tu, na anaahidi kwamba majira ya kuchipua yakifika, akitaka kurudi kwao, nauli atamlipia. Hakuna cha kupendana kwa kutazamana mara moja. Marty hajui kupika. Anatoa chapati za maji mlo baada ya mlo, na Clark anakula bila neno. Upendo unaingia kwenye nyumba hiyo polepole, kwa kuni zilizopasuliwa na kwa mwanaume ambaye hamgusi mwanamke asiye tayari. Linganisha na yule kijana wa gari. Hiki mpe hata kesho.

Francine Rivers ni mzito zaidi, na hapa nataka unisikilize vizuri. Aliandika riwaya za mapenzi za kawaida kwa miaka kabla hajaokoka mwaka 1986, kwa hiyo anajua kumshika msomaji. A Voice in the Wind, cha mwaka 1993, kinamfuata Hadassah, msichana Myahudi mwamini aliyenusurika Yerusalemu ilipoangushwa mwaka 70, akauzwa utumwani Rumi. Mtoto wa kiume wa nyumba anayoitumikia, tajiri na mzuri wa sura, anampenda na kutaka kumwoa. Naye anampenda. Anakataa, kwa sababu kijana hamjui Mungu wake, na hataki kujenga nyumba juu ya hilo. Kitabu kinaishia uwanjani mbele ya simba. Kina ulevi, uzinzi na mimba iliyotolewa, yote yakionyeshwa na machungu yake. Kwa binti wa kidato cha nne ni sawa, mkikisoma pamoja.

Redeeming Love kisubiri. Ni kitabu cha nabii Hosea kilichohamishiwa California ya mwaka 1850, wakati wa kukimbilia dhahabu. Angel aliuzwa ukahaba akiwa mtoto, na Michael Hosea, mkulima, anaambiwa na Mungu amwoe. Angel anakimbia, anafuatwa, anakimbia tena. Ukisoma Hosea sura ya 3, nabii anamnunua mwanamke kwa vipande 15 vya fedha na shayiri, tunapita haraka kana kwamba ni hesabu. Rivers anakulazimisha ukae na yule mwanamke aliyenunuliwa. Nimelia kwenye kitabu hiki. Pia kina mahali panaponisumbua: Michael anamwoa Angel akiwa amepigwa hata hajitambui vizuri, na ridhaa yake ni kama pumzi tu. Binti lazima azungumziwe ukurasa huo na mtu mzima. Ndiyo maana nataka wewe ukisome kwanza.

Za taharuki nitakutajia moja tu. The Negotiator ya Dee Henderson: askari wa kike wa Chicago ambaye kazi yake ni kuzungumza na watekaji nyara, na ndugu zake sita wasio wa damu, watoto waliokulia kituo cha yatima wakaamua kuwa ukoo mmoja na kuchukua jina moja. Mabomu yamo, usiku usiolalika umo. Ila ninakipendea ile familia ya kuchaguana, kwa sababu watoto wengi wa kwetu wamelelewa hivyo.

Vipo vingine vingi vyenye msalaba kwenye jalada ambavyo sitakupa. Hakuna tusi, hakuna dhambi ya maana, ukurasa wa mwisho mtu anaokoka ili tu kitabu kiishe. Sayers aliliambia Kanisa mwaka 1942 kwamba kumwambia seremala asilewe na aje ibadani Jumapili haitoshi. Jambo la kwanza ambalo dini yake inamdai ni kutengeneza meza nzuri. Riwaya mbovu ni meza mbovu, hata ikipigwa muhuri wa kanisa, na mtoto mwenye akili ataigundua na kurudi kwenye vile vya simu.

Basi tufanye hivi. Simu mrudishie, kwa masharti unayoyataka, Padre Brown akiwa ndani. Love Comes Softly nitampa Desemba akija kwangu likizo. Ninacho, cha mtumba, jalada limetoka lakini kurasa zote zipo. Hadassah tutamfikia akikua. Redeeming Love nakutumia wewe kwa basi wiki hii, kiweke mbali na meza yake. Ukifika pale wanapooana, nipigie kabla hujaendelea. Nataka kusikia ungemweleza nini binti, maana kaka alikisoma mwaka jana na hadi leo mimi na yeye tunabishana kuhusu ukurasa ule.

Wifi yako