Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: Muulizeni mama anakochota maji

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda. Mkoba tuliopewa mwaka 2023 una kipimajoto na mashine ya presha, na umenifaa sana. Lakini kuna mtoto mmoja mtaani kwangu niliyemsindikiza zahanati mara tatu, kila mara ni kuhara. Anapewa ORS na zinki, anapata nafuu, halafu anarudi nyumbani kunywa maji ya kisima kile kile.

Nyalenda iko chini, karibu na ziwa. Ukichimba kidogo tu, maji haya hapa. Basi visima vyetu ni vifupi, vyoo vya shimo ni vifupi vilevile, na kwenye ploti nyingi unatoka kimoja hadi kingine kwa hatua chache. Mvua kubwa ikinyesha, vyote hufurika.

Mama wa mtoto huyu anajua kuchemsha maji, nilimfundisha mwenyewe. Anauza omena kando ya barabara. Siku biashara ikilala, makaa aliyonayo ni ya kusongea ugali, hayabaki ya maji ya kunywa. Choo ni cha mwenye ploti, na mpangaji akilalamika sana ataambiwa ahame. Zamani nilikuwa nikimgombeza. Nimeacha, na ninaona aibu kwamba niliwahi kufanya hivyo.

Kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika eneo la Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu walikuwa wakichota maji wapi. Majibu yalimfikisha kwenye pampu moja ya Broad Street, na mpini wake ukaondolewa. Baadaye ikabainika kuwa shimo la choo lilikuwa likivuja karibu na kisima hicho. Swali lile halikuhitaji dawa wala mashine. Katika zahanati ninakopeleka wagonjwa, sijawahi kulisikia likiulizwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja afya, makao, chakula na maji safi kwa pumzi moja. Jedwali la Nne nalo likaipa kaunti huduma za afya, maji na usafi. Kwa hiyo Mheshimiwa, hatuhitaji kungoja Nairobi.

Ninaomba hivi: mtoto akiletwa mara ya pili kwa kuhara, daftari liandike kisima anachotumia. Orodha hiyo imfikie mwenzako wa maji kila mwezi, na vioski vipya vya maji vianzie pale majina ya visima yanapojirudia. Wenye ploti nao waitwe kuhusu vyoo, waitwe na kaunti, si na mpangaji.

Kisima cha mtoto yule niko tayari kukuonyesha. Tafadhali njoo mvua ikiwa imenyesha.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii, Nyalenda