Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sabuni, Gliserini na Maji ya Kuoshea

Ndugu wanachama,

Masuala ya ada, hesabu na ukarabati wa banda yamo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia. Taarifa yangu ya mwaka huu naielekeza karibu yote kwenye jambo ambalo kamati imeletewa mara nyingi kuliko lingine lolote, nalo ni dizeli tunayoipika kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, inayogoma kuoshwa, yaani kusafishwa kwa maji. Malalamiko yalifanana: mwanachama amenyunyizia maji pipa lake jioni, amerudi asubuhi akitarajia kukuta dizeli juu na maji chini, badala yake amekuta uji mweupe kama mtindi, usiojitenga hata baada ya siku mbili.

Tumeyakagua mapipa hayo pamoja na wenyewe, na maoni yangu ni kwamba tatizo hili halizaliwi wakati wa kuosha. Maji hufichua tu yale yaliyofanyika au kuachwa siku iliyotangulia.

Chanzo cha kwanza ni sabuni. Mafuta tunayoyakusanya kwa wakaangaji wa chipsi, mihogo na samaki yamepata moto mara nyingi huku yakinywa unyevu wa chakula, na kadiri yanavyorudiwa ndivyo asidi huru, yaani asidi zilizoachana na mafuta, zinavyoongezeka ndani yake. Kostiki soda tunayoitia iwe kichocheo hukutana na asidi hizo na kuzigeuza sabuni. Hesabu yake kila mmoja wetu anapaswa kuijua. Tunapopima mililita 1 ya mafuta kwa maji ya kostiki yenye gramu 1 kwa lita, kila mililita ya maji hayo inayotumika hadi rangi ya waridi ya dawa ya kupimia isimame inaonyesha takriban gramu 7 za asidi katika lita moja ya mafuta. Kipimo kikifika mililita 4, pipa la lita 100 lina karibu kilo 3 za asidi, ambazo zitatoa sabuni ya uzito wa kilo 3 hivi. Sehemu kubwa ya sabuni hiyo huteremka na gliserini, lile zao zito jeusi linalojitenga chini dizeli inapoundwa, lakini inayobaki juu inatosha kuyashikanisha maji na dizeli. Anayeongeza kostiki kwa kukisia anapika sabuni huku akidhani anapika dizeli. Vivyo hivyo kwa mafuta yasiyokaushwa, kwa kuwa maji yakiwa pamoja na kostiki huyavunja mafuta mazima na kuzalisha sabuni nyingine juu ya ile.

Chanzo cha pili kimewashangaza hata wazoefu. Mmenyuko wa mafuta na methanoli, ile spiriti inayoyageuza kuwa dizeli, ukikatishwa njiani, ama kwa methanoli kupungua ama kwa pipa kupoa kabla ya wakati, hubaki mafuta yaliyobadilika nusu, yaani monogliseridi na digliseridi. Hivi ni vitu vilevile ambavyo viwanda vya chakula hutia katika siagi ya mimea ili maji na mafuta yasiachane, basi si ajabu kwamba katika pipa letu vinafanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana kamati inasisitiza kipimo cha mililita 3 za dizeli katika mililita 27 za methanoli: mafuta yasiyobadilika kabisa huonekana chini ya chupa. Kipimo hiki hufanywa kwenye joto la nyuzi 20 hivi, na katika joto letu la pwani kinaweza kutudanganya, kwa sababu methanoli yenye joto huyeyusha mafuta zaidi. Poozeni chupa kwanza. Wala kufaulu hapo si cheti cha ubora, kwani digliseridi huyeyuka na kupita bila kuonekana.

Kuna pia maji yenyewe. Visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu. Chokaa iliyomo hukamatana na sabuni na kufanya mabonge meupe yasiyoyeyuka, yanayoelea kati ya dizeli na maji na kuziba vichujio. Maji ya mvua yanafaa zaidi kwa kazi hii, na maji ya mkupuo wa mwisho yanaweza kuoshea pipa linalofuata kwa mara ya kwanza.

Wengi wameuliza kama siki ni dawa ya uji huo. Mimi mwenyewe niliwahi kuitia, uji ukakatika mbele ya macho yangu, nikafurahi. Nilipopima asidi baadaye nilielewa nilichofanya: siki huvunja sabuni na kuirudisha kuwa asidi, nayo asidi hiyo huyeyuka ndani ya dizeli na kubaki humo. Kupasha moto kwa uangalifu na kusubiri ni afadhali. Ikiwa kipimo cha methanoli kimeshindwa, dizeli ikaushwe ipikwe upya, maana kuiosha mara ya tano hakutaikamilisha.

Sasa gliserini, ambayo naona tumeichukulia kwa wepesi mno. Katika lita 20 za methanoli tunazotia kwenye lita 100 za mafuta, lita 7 hivi hazitumiki, na nyingi kati ya hizo huteremka na lile tabaka jeusi pamoja na kostiki na sabuni. Kwa hiyo kilichomo katika madumu yetu si ile gliserini ya dukani ambayo watu hujipaka mwilini. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua, hupenya ngozini, na ikiwaka moto wake hauonekani vizuri mchana. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, na hurejeshwa katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea, kamwe si katika sufuria wazi juu ya kuni.

Kwa sababu hizo kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura leo. La kwanza, mwanachama yeyote asitoe wala kuuza gliserini kwa watengeneza sabuni au wafugaji kabla methanoli haijaondolewa, na kila dumu liandikwe kilichomo kwa Kiswahili kinachosomeka. La pili, maji ya kuoshea yasimwagwe katika mitaro inayoelekea kwenye mikoko, kwa kuwa yana ukali wa kostiki na mabaki yake hula hewa ya majini. Yatulizwe katika pipa la pamoja, mafuta yaenguliwe na ukali upunguzwe kwanza. Mahali pa kuliweka pipa hilo bado hatujakubaliana, na majirani wa upande wa kisima wameomba wasikilizwe kabla ya kura.

Mwenyekiti